Gunia Kwenye Pua ya Lori

Lodwar, Jumapili, baada ya ibada

Kosa la watu wengi ni kuona moshi mweusi ukitoka kwenye ekzosi ya gari na kudhani wameona nguvu.

Leo nimeliona kosa hilo tena. Upepo ulikuwa umeamka kabla yangu, vumbi limekaa hata kwenye kikombe cha chai, na moyo wangu ulikuwa mtulivu kama moyo wa mtu aliyetoka kuimba nyimbo anazozijua. Nikiwa barazani, jirani yangu Emuria akapita na pikapu yake ya turbo, ile anayobebea mizigo kwenda Kakuma. Alikanyaga mafuta makusudi mbele ya lango langu. Wingu jeusi likapanda juu ya ua, kuku wakakimbia.

Akashuka akicheka. "Mwalimu, umeona? Fundi amefungua pampu, mafuta inaingia mingi. Sasa hii ni mnyama."

"Ina farasi wangapi?" nikamuuliza.

"Wengi!"

Nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini. Swali hilo nililitafutia jibu kwa mara ya kwanza miaka ya sabini, katika mji huu huu, pamoja na mtu mwingine aliyelipenda gari lake kama Emuria anavyolipenda lake. Nimempa Emuria kiti, nikamsimulia. Sasa ameondoka, na mimi naandika kabla joto la mchana halijanilaza.

Nilikuja Turkana nikiwa kijana, kufundisha injini katika shule ndogo ya ufundi. Nilitoka nyanda za juu, nimesoma vizuri, nina kikokotoo cha mbao cha kuteleza ambacho nilikithamini kuliko viatu vyangu. Watu waliniita mwalimu tangu wiki ya kwanza, na hawajaacha.

Mama Nafula alikuwa mfanyabiashara aliyetoka upande wa Bungoma. Alikuwa na duka la nafaka karibu na soko, sauti ya kuongoza kwaya, na lori moja. Lori hilo lilikuwa la kwanza lenye turbo ambalo wengi wetu tuliliona hapa. Alilinunua kwa ajili ya safari ya Kakuma, kwa sababu malori ya kawaida yalichemka njiani na kuchelewa.

Turbo ni kitu rahisi kukieleza. Injini huchoma dizeli kwa hewa. Moshi unaotoka una mbio na joto, na kwa kawaida tunauacha uende zake. Turbo huuzuia kidogo na kuufanya uzungushe gurudumu dogo. Kwenye mhimili uleule kuna gurudumu la pili, nalo husukuma hewa nyingi iingie ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, unaweza kuchoma dizeli nyingi zaidi, na hapo ndipo nguvu inapozaliwa.

Hewa kwanza, mafuta baadaye. Wanafunzi wangu walilisikia hilo mpaka wakachoka.

Dereva wa Mama Nafula aliitwa Ekai. Alikuwa Mturkana mrefu, mkimya akiwa na wageni na msemaji mkubwa akiwa kwenye usukani. Alilipa lori jina la dume lake jeusi alilolipenda, na kama wanaume wa kwao wanavyomvisha dume kengele shingoni, yeye alifunga kengele ya chuma mbele ya lori, chini ya taa. Lori likikimbia, kengele ililia. Kina mama sokoni walijua Ekai amefika kabla hawajamwona.

Miezi ya kwanza kengele ililia sana. Baadaye ikaanza kunyamaza.

Lori lilipoteza nguvu polepole, jinsi mtu anavyozeeka, bila siku moja ya kuonyesha kwa kidole. Kwenye tambarare lilikwenda, lakini kwenye kilima kilichokuwa nje ya Lodwar, barabara ya Kakuma, lilipanda likitambaa. Mama Nafula akalipeleka kwa fundi mmoja Kitale. Fundi huyo alikata lakiri ya pampu ya injekta, akazungusha skrubu ya mafuta, akaongeza. Lori likarudi likitoa moshi kama nyumba inayoungua.

Watu walifurahi! Wanaume waliokaa kando ya barabara walisimama kulitazama. Abiria wa juu ya magunia walishuka wakiwa na nyuso nyeusi, nao walijisifu kwamba wamepanda lori lenye nguvu kuliko yote.

Halafu siku moja, likiwa limejaa mahindi ya shule moja ya Kakuma, lilishindwa kabisa. Lilifika katikati ya kilima, likatetemeka, likazima. Ekai alilirudisha chini kinyumenyume kwa breki na maombi. Magunia yakashushwa, yakapandishwa kilima kwa mabega ya watu na migongo ya punda, lori tupu likayafuata juu, huku Mama Nafula amesimama kando, leso kiunoni, hasemi neno.

Jioni hiyo alisema. Alisema mbele ya duka, kila mtu akasikia.

"Ekai, wewe umeniulia lori. Jumamosi nalijaza tena. Likipanda, sawa. Likikataa, naliuza kwa Mhindi wa Kitale, na wewe utarudi kuchunga mbuzi."

Asubuhi iliyofuata Ekai alikuwa mlangoni kwangu. Hakutaka kuketi.

"Ejok, mwalimu."

"Ejok, Ekai. Karibu chai."

"Chai baadaye. Huyu mama anasema mimi nimeharibu gari. Mimi hii gari naosha, nafunika, naongea na yeye njiani. Mtoto wangu mwenyewe siongei naye hivyo. Wewe angalia. Ukiona ni mimi, niambie, nitaenda mbuzi."

Ndiyo iliyokuwa shida yenyewe: kazi ya mtu mmoja, na lori alilolipenda.

Nilimwambia tuanze kwa kupima. Mafundi wengi huanza kwa spana, na ndiyo maana hawajui kama wametengeneza au wameharibu. Ekai akauliza tutapima nini. Nikamwambia nguvu za farasi.

"Farasi?" Alitazama barabarani kana kwamba mmoja angepita. "Farasi mmoja ni punda wangapi?"

"Labda punda wanne, wakikubali kufanya kazi."

"Punda hawakubali. Basi pima kwa farasi."

Katika Lodwar ya wakati ule hapakuwa na mashine ya kupimia nguvu ya injini, na sidhani kama ilihitajika. Farasi mmoja, kwa kipimo chetu, ni nguvu ya kuinua kilo sabini na tano, yaani mtu mzima na viatu vyake, mita moja juu kwa sekunde moja. Ni hivyo tu. Kwa hiyo ukijua uzito wa lori, urefu wa kilima kwenda juu, na muda lililotumia kupanda, unao farasi wako.

Uzito wa lori tupu ulikuwa umeandikwa kwa rangi mlangoni, kama sheria ilivyotaka. Uzito wa gunia la mahindi kila mtu aliujua. Kilichobaki ni kilima. Nilikopa kwa waashi mpira wao mrefu wenye kupitisha mwanga, ule wanaoujaza maji ili kujua kama msingi umelala sawa. Maji husimama kimo kimoja pande zote mbili, hata kama upande mmoja uko bondeni. Ekai alishika ncha ya chini, mimi ya juu, tukapanda kilima hatua kwa hatua tukichomeka vijiti. Wachungaji walisimama kututazama. Mmoja aliuliza kama tunatafuta maji.

"Tunapeleka," Ekai akamjibu kwa ukali. "Kilima ina kiu."

Tukapata karibu mita thelathini kati ya kijiti cha kwanza na cha mwisho. Kisha tukaleta lori, tumelijaza nusu tu, kwa kuwa lilipojaa halikupanda. Nilikaa kando ya Ekai na saa yangu mkononi. Tulipita kijiti cha chini kwa mwendo wa pole usiobadilika, gia ileile mpaka juu. Moshi ulitufunika. Kengele haikulia hata mara moja, kwa maana lori halikuwa na mbio za kuitikisa.

Nikapiga hesabu juu ya boneti. Farasi hamsini na kitu.

Lazima niwe mkweli hapa, kwa sababu kuna wasomaji watakaonikosoa. Hesabu ya kilima haitoi nguvu yote ya injini. Matairi, kokoto, na gia hula sehemu yao kwanza. Lakini vilevile bamba la injini, kile kibati cha kiwanda kilichoandikwa nguvu yake, liliahidi karibu mia na themanini. Hata ukizipa kokoto sehemu yake na gia sehemu yake, farasi wengi walikuwa wamepotea njiani.

Tukaanza kuwatafuta.

Nilifuata dizeli kutoka tangini. Filta yake ilikuwa safi. Bomba halikuwa na ufa. Nozeli, tulipozifungua na kuzipima shuleni, zilinyunyiza kama ukungu mwembamba, jinsi inavyotakiwa. Nikazungusha gurudumu la turbo kwa kidole. Lilizunguka bila kukwaruza. Ekai aliniambia kwamba hajawahi kuzima injini ghafla baada ya kupanda. Huiacha ingurume peke yake huku akiwasalimia watu. Nikamsifu. Turbo inayozimwa ikiwa ya moto huunguza mafuta ya kuilainishia, na madereva wengi waliosoma kuliko Ekai hawakulijua hilo.

Mafuta yalikuwepo, tena mengi. Na moshi mweusi ni dizeli ambayo haikupata hewa ya kuchomea. Imeingia ndani, haikupata kazi, imetoka nje ikiwa masizi.

Nikamuuliza, "Ekai, hili lori linapumulia wapi?"

Uso wake ukang'aa. Hilo ndilo swali alilokuwa akilisubiri. Akanipeleka ubavuni mwa injini, akanionyesha mdomo wa bomba la hewa. Juu yake alikuwa amefunga gunia la katani, limekunjwa mara mbili, limebanwa kwa waya vizuri sana.

"Hii ni akili yangu. Kila asubuhi natia maji. Vumbi ya Lokichar, ile ya barabara ya Kitale, haiingii."

Nyinyi mliokulia na friji, hebu tulieni kidogo kabla ya kumcheka. Kila lori lililopita huku lilining'iniza mbele mfuko wa turubai uliojaa maji ya kunywa. Maji hupenya kitambaa, upepo huyakausha, na yanayobaki ndani huwa baridi hata jua likiwa la kupasua mawe. Ekai aliliona hilo kila siku. Akafikiri: kama kitambaa kibichi kinapoza maji, kitapoza pia hewa ya injini, na vumbi litanasa hapohapo. Na kweli, kinapoza. Kweli, kinanasa. Mtu wa nyanda za juu asingeweza kufanya kosa hilo, kwa sababu asingekuwa na akili hiyo.

Nililigusa gunia. Lilikuwa gumu kama ngozi ya mbuzi iliyosahaulika juani. Vumbi lilikutana na maji, likawa udongo, maji yetu yana chumvi, nayo ikaubana, jua likaupika. Nililigonga kwa spana, likalia.

"Ekai, weka kiganja chako puani, halafu panda kilima mbio."

Alikuwa amekasirika. Alilifungua gunia mwenyewe, waya baada ya waya, hakuniruhusu kumsaidia. Nyuma yake filta ya hewa ilikuwa tope kavu kutoka ukingo hadi ukingo.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni gunia. Na ni fundi aliyeona lori linakosa pumzi akalishindilia chakula."

Filta mpya tuliikuta dukani kwa Mama Nafula, ndani ya karatasi yake, iliyonunuliwa pamoja na lori. Haikuwahi kutumika kwa kuwa gunia lilitosha.

Lakini vumbi la Lokichar lilikuwa la kweli, na filta mpya ingejaa vilevile. Nilikuwa bado nafikiri, kalamu mkononi, ndipo Ekai, aliyekuwa ameketi kwenye tairi amenipa mgongo, akasema bila kugeuka, "Ukitembea nyuma ya mbuzi, unakula vumbi. Ukipanda ngamia, huli. Vumbi iko chini."

Niliacha kalamu.

Siku hiyohiyo tulichomelea bomba refu, tukalipandisha kando ya kichwa cha lori mpaka juu ya paa, na kofia ya bati juu yake. Lori likaanza kupumua kwa kimo cha ngamia. Baadaye nimeyaona magari ya gharama kubwa yakija na mabomba kama hayo kutoka kiwandani, na kila mara nimemkumbuka Ekai kwenye tairi.

Ikabaki pampu, na ndipo Mama Nafula alipotukuta. Nilikuwa nikirudisha skrubu ya mafuta nyuma, kuelekea alama ya rangi ambayo kiwanda kilikuwa kimeiacha.

"Mwalimu, unafanya nini hapo?"

"Napunguza mafuta, mama."

"Unapunguza!" Aligeukia watu, na watu huwa hawakosekani. "Lori haina nguvu, mwalimu anapunguza mafuta! Nyumbani kwako watoto wakikonda, unawapunguzia ugali?"

Walicheka. Hata mimi nilicheka. Nikamwonyesha bomba la chuma linalotoa moshi kwenye injini, jinsi rangi yake ilivyoungua ikawa majivu. Nikamweleza kwamba dizeli iliyozidi hewa inaongeza joto mahali pabaya, na kwamba bado kidogo tu pistoni zingeyeyuka, na hapo hata Mhindi wa Kitale asingelitaka lori. Nikamwonyesha pia bomba jembamba linalotoka upande wa turbo kwenda kwenye pampu. Kazi yake ni kuiambia pampu hewa imefika kiasi gani, ili itoe dizeli inayolingana. Fundi yule alikuwa amelikunja, pampu haikupata habari yoyote, ikamwaga tu. Nikalinyoosha.

"Jumamosi," akasema Mama Nafula. "Saa sita mchana. Nataka jua kali, nisidanganywe na baridi ya asubuhi. Na mimi nitakaa mbele."

Alikuwa na haki, ingawa hakujua sababu yake. Hewa ya moto ni nyepesi. Injini hupata kidogo katika kila pumzi. Lori likipanda saa sita Lodwar, litapanda saa yoyote.

Jumamosi lilijazwa mpaka juu, kamba zikalia. Mama Nafula alikaa upande wa mlango, mimi katikati na saa, Ekai kwenye usukani amevaa shati lake la kanisani. Tulipotoka sokoni wanaume wa kando ya barabara walisimama kama kawaida yao, kisha nyuso zao zikaanguka.

"Moshi iko wapi?" mmoja akaita.

"Hiyo imekufa, Ekai! Sukuma tu!"

"Mpe pole mama!"

Ekai alitazama mbele.

Tukafika chini ya kilima. Gia. Kijiti cha kwanza kikapita, nikabonyeza saa. Ekai akakanyaga mafuta, na kwa muda mfupi halikutokea jambo lolote. Kisha nikaisikia. Ilianza kama mluzi wa mtu aliye mbali, mwembamba, ukapanda, ukapanda, ukajaza kichwa chote cha lori. Turbo ilikuwa imepata pumzi.

Lori likatusukuma kwenye viti.

Nikageuka nyuma kutazama ekzosi. Kivuli cha kijivu tu, kama moshi wa sigara, kisha anga safi.

Na mbele, chini ya taa, kengele ikaanza kulia.

Haikunyamaza. Ililia mahali tulipokwamia, ililia penye kokoto, ililia mpaka kijiti cha mwisho kikapita. Ekai alikuwa akiimba wimbo wa dume lake, kwa sauti kubwa, machozi yakimtoka, na Mama Nafula, asiyejua hata neno moja la wimbo huo, alikuwa akimwitikia.

Hesabu niliipiga juu ya goti. Farasi mia na zaidi, kwa kipimo kilekile cha kilima. Ukirudisha sehemu ya gia, matairi na kokoto, unalifikia bamba la injini. Karibu mara mbili ya mwanzo, kwa mafuta machache kuliko mwanzo, tena mchana wa saa sita. Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, na sijawahi kuandika jibu la hesabu nikafurahi namna ile.

Hatukurudi Lodwar. Mama Nafula alisema kwa kuwa limepanda, liende. Tulifika Kakuma jua likiwa bado juu, tukavuka mchanga wa Tarach, mto mkavu wa huko, bila kushuka kusukuma, na walimu wa shule wakatoka nje kwa sababu ya kengele. Magunia yalipokwisha kushushwa, Mama Nafula alilizunguka lori, akaligonga boneti kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe. Kisha akamrushia Ekai ufunguo.

"Chukua gari yako," akasema. "Mbuzi watafute mwingine."

Ekai aliliendesha lori hilo mpaka lilipochoka kwa uzee wa halali. Gunia lake alilihifadhi. Alilifanya mkeka wa kulalia chini ya gari akikaza boliti, na kila dereva mpya aliyemkuta amelala juu yake alisimuliwa habari hii yote, bomba la ngamia likiwa limekuzwa kidogo kila mwaka.

Emuria alinisikiliza leo mpaka mwisho. Nilipomaliza nikamuuliza pikapu yake inapumulia wapi. Akakuna kichwa. "Mwalimu, kusema kweli sijui filta iko upande gani." Nikamwelekeza. Sasa naandika na ninamwona kupitia ua: boneti iko wazi, ameinama, na kila akigonga kitu fulani kwenye tairi, wingu la vumbi linapanda. Hajamaliza kugonga. Nadhani ameanza kutabasamu.

Nawe unayesoma, kabla hujampigia fundi simu akuongezee mafuta: leo, fungua filta ya hewa ya gari lako, uielekeze kwenye jua, na kama huoni mwanga ukipenya, ibadilishe.